Jembe, Ndoo na Mgonjwa Mmoja

Kuna nchi moja, na naomba ieleweke mapema kwamba si ya kwetu, wala si ya jirani zetu, ambako watu walikuwa wakipona ovyo ovyo. Mtu anaamka na homa, anajikokota hadi zahanati ya kijijini kwake, anapewa dawa, na baada ya siku chache unamkuta shambani analima huku anaimba. Hali hii iliwasikitisha sana wakubwa. Waziri wa Afya, Elimu ya Juu na Sherehe za Taifa alisimama bungeni akauliza, kwa uchungu wa kweli, wananchi hawa wanaponywa na nani, na huyo anayewaponya amesoma mpaka wapi.

Uchunguzi ukafanyika. Ikagundulika kuwa wengi walikuwa wakiponywa na matabibu wenye stashahada tu. Bunge zima liliguna. Mbunge mmoja alifuta machozi, akaeleza kuwa yeye mwenyewe aliwahi kutumbuliwa jipu na mtu wa stashahada, akapona kabisa, na tangu siku hiyo hajiheshimu.

Basi ikapitishwa sheria. Hakuna mtu atakayeruhusiwa kugusa kidonda, kupima homa, kumzalisha mama wala kukata kitovu cha mtoto bila kuwa na Shahada ya Uzamili ya Tiba kwa Vitendo. Atakayekiuka, jela. Zahanati ambayo baada ya miaka miwili haitakuwa na mwenye shahada hiyo, kufuli. Mimi sheria hii naiona nzuri tu. Ilikuwa na dosari moja ndogo, kwamba shahada yenyewe ilikuwa bado haijaanza kufundishwa popote.

*

Chuo kikuu kikajipinda. Mkuu wa kozi aliteuliwa Profesa Lubingo, bingwa wa mguu wa binadamu kuanzia gotini kwenda chini. Alikuwa ameandika kitabu kinene juu ya goti na chembamba juu ya kifundo, na wanaomfahamu wanasema hajauona mguu wa mtu mwingine tangu alipopata uprofesa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shughuli nyingi.

Profesa alipoketi kupanga masomo aligundua kuwa tiba kwa vitendo inahitaji wagonjwa, na chuo hakikuwa na hata mmoja. Kilikuwa na Wodi ya Mfano, jengo zuri la vigae, lenye vitanda vilivyofungwa bado kwenye nailoni na makabati yaliyojaa dawa na bendeji. Lakini mlangoni palikuwa pamefungwa utepe mwekundu, unasubiri kukatwa na Rais Mtukufu, na Rais Mtukufu alikuwa hajapata nafasi. Utepe ulikuwa umeshaanza kupauka, na buibui alikwisha kujenga kwenye pembe yake. Hakuna aliyethubutu kuingia.

Waziri akaokoa jahazi. Alikuja chuoni na msafara wake, akapanda jukwaani, akakohoa mara chache ili wapiga picha wajiandae.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi nilipochaguliwa kwenda sekondari, fomu ilisema nije na jembe, ndoo, ufagio wa chelewa na godoro. Nilikwenda navyo! Nilimwambia mwalimu nimesahau jembe? Thubutu! Leo mtu mzima na ndevu zake, anasomea uzamili, anataka akute darasa, akute kiti, akute mwalimu, halafu juu ya hayo yote akute na mgonjwa? Huko si kusomesha, huko ni kudekeza!"

Makofi yalilia mpaka paa likatikisika. Fomu ya kujiunga ikatoka wiki iyo hiyo. Mwanafunzi alitakiwa kuja na jembe, ndoo yenye mfuniko, godoro, rimu ya karatasi, na mgonjwa mmoja mwenye ugonjwa unaoonekana kwa macho na utakaodumu hadi mwisho wa masomo.

*

Sasa, katika kijiji cha Kisimangombe kulikuwa na tabibu mmoja mwanamke, jina lake Sikudhani. Stashahada yake ilikuwa imening'inizwa ukutani kwenye zahanati, na chini yake watu wa vijiji vyote vya upande ule walikuwa wakipona bila aibu. Zahanati hiyo ikifungwa, mgonjwa itabidi avuke mto kwenda hospitali ya wilaya, juu ya daraja ambalo limezinduliwa mara nyingi ila halijajengwa. Sikudhani alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyekuwa akiwapokea waliojaribu. Kwa hiyo akajaza fomu.

Jembe alikuwa nalo. Ndoo alikuwa nayo. Kazi ikawa mgonjwa. Alipita nyumba kwa nyumba akakuta wote amekwisha kuwatibu. Akabaki na shangazi yake, Bi Zawena, ambaye kwa muda mrefu alikuwa na kidonda ndugu kwenye muundi wa mguu wa kushoto, akikifunika na khanga na kukimwagia majivu, na kila akiulizwa husema ni mbu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Bi Zawena alikuwa mtu wa kubishana hata na methali.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ukinisalimia kwa sauti ya asali namna hiyo, unataka kitu."

"Nataka kidonda chako."

"Chukua. Nikufungie?"

Sikudhani akamweleza yote: sheria, kufuli, chuo. Bi Zawena alisikiliza huku anapepeta karanga zake. Alipomaliza kusikia akaweka ungo chini.

"Kwa hiyo nikaugue kwa ajili ya kijiji."

"Uugue kidogo tu, shangazi. Nikimaliza masomo nakutibu siku hiyo hiyo."

"Na mguu utanisubiri?"

Sikudhani aliutazama ule mguu. Bi Zawena akamtazama, akaguna, akaenda kukunja godoro.

*

Usaili ulishangaza watu wa shamba, kwa sababu aliyesailiwa hakuwa mwanafunzi bali mgonjwa. Profesa Lubingo alikaa nyuma ya meza ndefu na miwani yake.

"Bibi, una nia ya dhati ya kuugua?"

"Sina nia, ninaugua tu," alisema Bi Zawena.

"Una uzoefu wa kuugua katika mazingira ya ushindani?"

"Tulikuwa wake wawili."

Profesa akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Unajiona wapi baada ya miaka miwili?"

"Nyumbani kwangu, nalima karanga."

Profesa aliweka kalamu chini. Sikudhani alimkanyaga shangazi kidole cha mguu mzima. "Anamaanisha kitandani, Profesa."

"Kitandani," alikubali Bi Zawena, "ila kiwe karibu na dirisha."

Wakapokelewa. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Jamaa mmoja alimleta baba mkwe wake ambaye hakuwa na ugonjwa wowote isipokuwa kununa, akarudishwa. Aliyesifiwa kuliko wote alikuwa bwana mmoja aitwaye Tindwa, aliyekuja na mzee wa kikohozi. Kikohozi chenyewe kilikuwa kizito na cha kuaminika. Profesa alifumba macho kukisikiliza kama anayesikia taarabu.

Kisha wakasomewa kanuni. Mgonjwa ni kifaa cha kujifunzia. Mgonjwa atakayekufa kabla ya mtihani atahesabika amehama chuo bila ruhusa. Mgonjwa atakayepona kabla ya mtihani atahesabika ameharibiwa, na mwanafunzi aliyemharibu atarudia masomo tangu mwanzo akiwa na mgonjwa mpya.

"Naomba kuuliza," alisema Sikudhani. "Hapa tunasomea kutibu?"

"Ndiyo," alisema Profesa kwa upole.

"Na tukitibu tunafeli?"

"Binti, usichanganye fani na utekelezaji."

*

Masomo yakaanza. Muhula wa kwanza walisoma Historia ya Bendeji, na kufikia Krismasi walikuwa bado hawajavuka enzi za magome ya miti. Muhula wa pili ulikuwa wa Falsafa ya Homa. Somo la vitendo lilifundishwa kwa nadharia, kwa sababu vitendo vyenyewe vilikuwa ndani ya Wodi ya Mfano nyuma ya utepe. Profesa alikuwa anawapeleka hadi kwenye dirisha la wodi, wanachungulia kwa zamu vitanda vilivyo ndani ya nailoni, halafu wanarudi darasani kuandika walichojifunza.

Wagonjwa walilala nyuma ya darasa, kila mmoja kwenye godoro lake. Profesa hakuwatazama. Mguu aliokuwa akiufundisha ulikuwa ukutani, umechorwa kwa rangi, hauna jina wala shangazi.

Na mguu wa Bi Zawena ukaanza kwenda mrama. Kidonda kilipanuka. Kilikuwa kama kifuniko cha chupa walipofika, sasa kilikuwa kama kisahani cha kahawa, na kilinuka. Mzee wa kikohozi alihamisha godoro lake mbali naye, halafu akaomba radhi. Usiku Bi Zawena hakulala, na mchana hakutania tena, na hilo la kutotania ndilo lililomtisha Sikudhani kuliko harufu.

Alimwendea Profesa ofisini. "Profesa, mguu wa shangazi yangu utakatwa."

"Utakatwa lini?" Profesa alifungua kalenda. "Kukata ni muhula wa nne. Mwambie avute subira."

Sikudhani alirudi darasani akakaa sakafuni kando ya godoro. Alikuwa na hasira, na sijui kwa nini, maana alikuwa amejibiwa kwa adabu na hata kukaribishwa kiti.

"Mwanangu," alisema Bi Zawena, "niulize neno. Huu mguu ni wangu au wa chuo?"

"Wako, shangazi."

"Basi mbona anayeuamulia ni kalenda ya mtu?"

"Nikikutibu nafeli. Nikifeli, zahanati kufuli. Mama Chiku hakosi mimba, yule mtoto wa Mzee Ngota ana kifafa. Nitawaambia nini?"

Bi Zawena alivuta khanga juu ya kidonda. "Mimi sijui utawaambia nini. Ila mimi nitawaambia kwamba nilikuwa na mpwa tabibu, nikaoza mbele ya macho yake huku anaandika."

Sikudhani aliinuka. Alichukua ile ndoo yenye mfuniko, ambayo mpaka wakati huo haikuwa na kazi, akaenda kuchemsha maji.

*

Alimtibu kila alfajiri kabla wenzake hawajaamka: maji ya chumvi, kitambaa safi kilichochemshwa, dawa alizonunua kwa kuuza jembe. Baada ya muda kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu, kisha kikajifunga pembeni, kisha siku moja kikawa hakipo. Sikudhani alilia kwa furaha. Halafu akalia tena, kwa sababu alikumbuka mtihani.

Kuficha maradhi watu wamezoea. Kuficha afya ni kazi ngeni, na hakuna aliyewahi kuitungia methali. Walifunga bendeji nene juu ya mguu mzima kabisa, na Bi Zawena akaelekezwa kuchechemea na kuguna. Kuguna alikuweza. Kuchechemea kulimshinda: leo anavuta mguu wa kushoto, kesho anavuta wa kulia, na keshokutwa, akisikia ngoma ya harusi mtaa wa pili, hachechemei kabisa.

"Shangazi, utanifelisha!"

"Si nimelala? Nacheza mabega tu."

Profesa Lubingo alimwona siku hiyo na mabega yake. Akawaambia wanafunzi wote waandike kwamba kidonda cha muundi, kikikomaa, hupanda mabegani.

*

Siku ya mtihani Waziri alikuja mwenyewe, kwa kuwa sheria ilikuwa ni mtoto wake. Alikuja amevaa viatu vya ng'ambo vilivyochongoka mbele, na alikuwa akitembea taratibu mno. Watu walidhani ni heshima. Kumbe ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia ulikuwa umeota kuingia nyamani na kidole kimevimba. Kwa kawaida kidole cha waziri hutibiwa ng'ambo, lakini ndege ya serikali ilikuwa imempeleka Spika kung'oa jino, na Spika alipofika huko alikumbuka ana meno mengine.

Bwana Tindwa alianza. Mzee wake alikohoa vizuri kuliko siku alipofika, kwa sababu Tindwa alikuwa akimlaza kwenye shuka lenye unyevu. Akapewa daraja la kwanza papo hapo. Mzee akapigiwa makofi, akajaribu kushukuru, akashindwa kupumua, wakamtoa nje.

Ikawa zamu ya Sikudhani. "Mtahiniwa, tuonyeshe kidonda," alisema Profesa.

Bendeji ilifunguka, ikafunguka, ikaisha. Ukatokea mguu wa Bi Zawena, laini, unang'aa mafuta ya nazi, na kovu dogo tu kwenye muundi.

Profesa Lubingo hakuwa amewahi kuona kitu kama kile. Alirudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, na kisigino chake kikatua, na uzito wake wote wa kitaaluma, juu ya kidole gumba cha Mheshimiwa Waziri.

Ule ukelele ulisikika hadi sokoni.

Kiatu kilivuliwa, soksi ikavuliwa, na kidole kikatoka kikiwa kimewiva kama nyanya. Profesa alipiga magoti, akakitazama kwa muda mrefu, akasimama. "Kidole gumba," alisema, "katika historia ya mwanadamu, kimepitia enzi kuu—"

"Nyamaza!" alipiga kelele Waziri. "Nani alimponya mama huyu?"

"Aliyemharibu ni huyu hapa," alisema Profesa, akimnyooshea Sikudhani kidole. "Tayari tumekwisha kumfelisha, Mheshimiwa."

"Binti, njoo hapa. Nitibu."

Sikudhani alipiga goti kwa adabu zote. "Mheshimiwa, sina shahada. Nikikugusa ni jela. Ni sheria yako."

"Basi, basi... mfanyeni tena mwanafunzi!"

"Nikiwa mwanafunzi tena, natakiwa mgonjwa mpya, na naweza kukuandikisha wewe. Lakini hutaruhusiwa kupona mpaka mtihani. Ni kanuni yako pia."

"Na godoro uje nalo," aliongeza Bi Zawena. "Mimi langu naondoka nalo."

Waziri alitazama kidole chake, akatazama katibu wake. Jasho lilikuwa linamtiririka. Ndipo nilipoelewa kwa nini watu hawa huitwa wabunifu. "Andika!" alimwambia katibu. "Marekebisho ya dharura. Masharti ya sheria hii hayatamhusu kiongozi, wala kiungo chochote cha kiongozi. Kiongozi atatibiwa na yeyote anayejua kutibu!"

"Na wananchi, Mheshimiwa?" aliuliza katibu.

"Wananchi waendelee kusubiri wataalamu. Afya yao si ya kuchezea."

Sikudhani hakuinuka. "Samahani, Mheshimiwa. Kiongozi ni nani hasa? Nisije siku nyingine nikamtibu asiyestahili."

"Yeyote mwenye cheo!" Waziri alisaga meno. "Cheo chochote! Andika hivyo hivyo, nipige sahihi, anitibu!"

Akapiga sahihi. Bendeji na sindano ya ganzi vilikuwa kwenye kabati la Wodi ya Mfano, na wote wakamiminika hadi mlangoni, wakasimama mbele ya utepe, wakatazamana. Rais Mtukufu hakuwepo. Maprofesa wakaanza kujadiliana. Bi Zawena aliwatazama, akakaza khanga kiunoni, akainama, akapita chini ya utepe, akaenda kwenye kabati.

Inasemekana katika muda wote ule hakuna msomi aliyewahi kufikiria kuinama. Waziri naye alipitishwa chini ya utepe, amebebwa kama gunia la mpunga, na kidole chake kikatibiwa. Utepe uko pale mpaka leo, haujakatwa.

*

Sikudhani alifeli, maana sheria ni sheria, na marekebisho hayakusema lolote juu ya matokeo. Bwana Tindwa alifaulu, akapewa ofisi wizarani yenye zulia, ambamo hakanyagi mgonjwa. Mzee wake wa kikohozi hakurudi kwao. Chuo kiliandika kwamba amehama bila ruhusa. Hapo ndipo mahali pekee katika habari hii ninaposhindwa kucheka.

Sikudhani na shangazi yake walirudi Kisimangombe, Bi Zawena akitembea mbele na godoro kichwani, bila kuchechemea mguu wowote. Haukupita muda, Afisa Kufuli wa Wilaya naye akafika. Alikuwa kijana mpole aliyeipenda kazi yake, na kufuli lake lilikuwa jipya.

Alikuta baraza la zahanati limejaa watu.

"Nimekuja kufunga," alisema. "Hapa hakuna mwenye uzamili."

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Bi Zawena, aliyekuwa ameketi kwenye kiti chenye mikono. "Mimi ni Mwenyekiti wa Kamati ya Karanga. Hii ni zahanati ya viongozi. Soma marekebisho."

Afisa aliyasoma. "Na huyu mzee?"

"Katibu wa Kisima."

"Na huyu mtoto mwenye kifafa?"

"Balozi wa kuku. Ana hati, ana muhuri. Kila mtu hapa ana cheo, kijana, tumekesha tunateuana."

Afisa alitafuta mwananchi wa kawaida hata mmoja, akamkosa. Ndipo ukelele mdogo ukatoka chumba cha ndani. Alikuwa Mama Chiku, Katibu Mwenezi wa Kwaya, na alikuwa amejifungua.

"Huyo!" Afisa aliruka. "Huyo mtoto hana cheo! Ukikata kitovu chake, tabibu, nakupeleka jela!"

Mkasi wa Sikudhani ukasimama hewani. Bi Zawena hakuinua sauti. Aliufungua mkutano pale pale mlangoni, akatoa hoja kwamba kiumbe aliyezaliwa sasa hivi awe Naibu Mwenyekiti wa Kamati ya Karanga, akauliza wanaoafiki. Mikono yote ikainuka. Akauliza kama mteuliwa ana neno la kusema.

Mtoto akalia kwa nguvu. Wakakipokea kile kilio kuwa ndicho kiapo, na Sikudhani akakata kitovu.